Ukishindwa Kulieleza kwa Kiswahili, Usilitilie Pesa

Kabla ya kuweka PIN na kutuma pesa kwenye akaunti ya forex, jiulize swali moja tu: je, naweza kumweleza mamangu, kwa Kiswahili cha kawaida, pesa hii inaenda kufanya nini? Kama jibu ni hapana, basi pesa hiyo ibaki kwenye simu yako. Haijaiva kutoka.

Nisieleweke vibaya. Sisemi forex ni utapeli. Ni soko la kweli, na kubwa ajabu. Benki ya Malipo ya Kimataifa, inayojulikana kama BIS, ilipofanya hesabu yake ya Aprili 2022, ilipata kwamba fedha za kigeni zinazobadilishana mikono duniani kwa siku moja zilifika dola trilioni 7.5. Mabenki yamo humo, serikali zimo, kampuni zinazoagiza mafuta na ngano zimo. Na siku hizi hata wewe, ukiwa umekaa kwenye matatu na bando ya mia moja, unaweza kuingia.

Shida yangu ni lugha. Kijana anaingizwa kwenye kundi la WhatsApp, anarushiwa maneno kama pipu, loti, leveraji, spredi, na kwa kuwa hataki kuonekana mshamba, anaitikia tu. Kisha anatuma karo. Maoni yangu ni kwamba maneno haya si magumu hata kidogo. Yameachwa yaonekane magumu kwa sababu kuna watu wanaofaidika usipoyaelewa. Wacha tuyavue koti moja baada ya jingine.

Nusu ya maneno haya unayajua tayari

Kama umewahi kupokea pesa kutoka kwa ndugu aliye Marekani au Saudi Arabia, wewe tayari ni mtu wa forex. Mwaka 2024 Wakenya walio ng'ambo walituma nyumbani karibu dola bilioni 4.9, na kila dola ilipita kwenye kiwango cha ubadilishaji kabla ya kuwa shilingi kwenye simu ya mtu.

Kiwango hicho huandikwa kama *jozi*. Ukiona USD/KES 130, sarafu ya kwanza ndiyo bidhaa, ya pili ndiyo bei. Fikiria dola kama kilo ya sukari: kilo moja ni shilingi 130. Hapa watu wengi huchanganyikiwa. Nambari ikipanda, si shilingi iliyopanda. Ni sukari iliyopanda bei, na shilingi yako ndiyo imelegea. Januari 2024 dola moja ilifika karibu shilingi 160. Kufikia mwisho wa Machi, baada ya serikali kuuza hati mpya ya deni ya dola bilioni 1.5 na wasiwasi wa deni la Juni kupungua, ilikuwa imeshuka hadi kama 130. Aliyetumiwa dola 200 Januari alipata kama shilingi 32,000. Aliyetumiwa dola zizo hizo mwisho wa Machi alipata kama 26,000. Hakuna aliyemwibia. Bei tu ilisonga.

Sasa simama mbele ya duka la kubadilisha fedha pale mjini. Ubao una bei mbili: moja ya kununua dola kutoka kwako, nyingine ya kukuuzia. Siku zote wanakuuzia ghali kuliko wanavyonunua. Pengo hilo la katikati ndilo *spredi*. Ndiyo faida ya mwenye duka, na ndiyo gharama yako. Kwa hivyo broka akikuambia "kwetu hakuna komisheni," usishangilie bado. Muulize spredi ni ngapi. Mama mboga hakutozi ada ya kukuhudumia, lakini hauzi sukuma kwa bei aliyonunua Marikiti.

Pipu na loti: hapa ndipo shilingi zako zinakaa

Bei ya forex husogea kwa vipande vidogo sana. Kipande hicho kinaitwa *pipu*. Kwa jozi nyingi, pipu ni nambari ya nne baada ya nukta. Euro ikitoka dola 1.0800 hadi 1.0801, imesonga pipu moja. Jozi zenye yeni ya Japani huhesabiwa kwa nambari ya pili baada ya nukta.

Peke yake, pipu haina maana. Ukisikia mtu akijigamba "leo nimevuna pipu 100," bado hujaambiwa kitu. Pipu mia za shilingi ngapi? Hilo linaamuliwa na *loti*, yaani ukubwa wa mzigo ulionunua. Loti kamili ni euro 100,000, na kila pipu ni dola 10. Loti ndogo, inayoandikwa 0.10, ni euro 10,000, na kila pipu ni dola 1. Ile ndogo zaidi, 0.01, ni euro 1,000, na pipu ni senti 10 za dola.

Angalia vizuri tofauti ya 0.01 na 0.10 kwenye skrini. Ni nukta na sufuri moja. Mkononi ni kidole kuteleza kidogo. Kwenye pesa yako ni mara kumi. Ndiyo maana nasema hili neno moja, loti, ni muhimu kuliko picha zote za magari ambazo umewahi kutumiwa na "mentor" wa Instagram.

Leveraji: neno tamu lenye meno

Hapa twende polepole, kwa sababu hapa ndipo watu wengi huchoma akaunti.

*Leveraji* ni kuruhusiwa na broka kushika mzigo mkubwa kuliko pesa uliyonayo. Sheria za Kenya za mwaka 2017 kuhusu forex ya mtandaoni zinaruhusu hadi mara 400. Ukiwa na dola 100, kama shilingi 13,000, unaweza kushika mzigo wa hadi dola 40,000. Wauzaji hulitangaza hili kama zawadi: "Anza na kidogo, shika kikubwa!" Mimi nilisomea mauzo, na nakwambia huo ni ujumbe uliotengenezwa vizuri sana. Unataja nusu ya ukweli iliyo tamu na kunyamaza kuhusu nusu ya pili.

Tufanye hesabu ya nusu ya pili. Una dola 100. Unanunua loti 0.10 ya euro kwa bei ya 1.0800. Mzigo ulioushika ni wa dola 10,800. Kila pipu ni dola moja. Tuseme spredi ni pipu moja na nusu, basi umeanza tayari ukiwa chini kwa dola 1.50, karibu shilingi 195, kabla bei haijasonga popote.

Sasa euro inashuka pipu 50. Hiyo ni chini ya nusu ya asilimia moja. Ni mwendo wa kawaida wa siku moja, hata gazeti haliwezi kuuandika. Lakini wewe umepoteza dola 50, nusu ya pesa yako yote. Soko limesonga nusu asilimia, wewe umesonga asilimia 50.

Leveraji haikuongezei pesa. Inaongeza kasi. Ni kama kumpa bodaboda aliyejifunza jana pikipiki ya mashindano: barabara ni ileile, mashimo ni yaleyale, ila sasa akikosea hatakuwa na muda wa kushika breki.

Wenzetu Ulaya waliliona hili mapema. Mwaka 2018 mamlaka yao ya masoko, ESMA, iliweka kikomo cha mara 30 kwa jozi kubwa na wateja wa kawaida. Marekani kikomo ni mara 50. Kwa mfano wetu, mtu wa Ulaya mwenye dola 100 asingeruhusiwa hata kufungua biashara ile ya loti 0.10, kwa sababu angehitaji dola 360. ESMA ilisema pia kwamba kati ya asilimia 74 na 89 ya akaunti za wateja wadogo katika biashara za aina hii hupoteza pesa, na ikawalazimu mabroka kuonyesha wazi asilimia ya wateja wao wanaopata hasara. Soma hiyo tena: mabroka wenyewe wanalazimika kuandika kwamba wateja wao wengi wanapoteza.

Je, Kenya ipunguze ile 400? Mimi naona ndiyo. Lakini hata kabla ya sheria kubadilika, hakuna anayekulazimisha kutumia yote. Gari linaweza kufika 180, wewe unaenda 50 mtaani.

Dhamana, na ujumbe unaokuja usiku

Ili ushike mzigo, broka huzuia sehemu ya pesa yako. Hiyo ni *dhamana*, na kwenye programu utaiona kama majini. Kwa mfano wetu, kwa leveraji ya mara 400, dhamana ni dola 27. Dola 73 zilizobaki ndizo za kubeba hasara.

Hasara ikila zile 73, utapata onyo kwamba dhamana inayeyuka: ongeza pesa au punguza mzigo. Usipofanya kitu na bei iendelee, mfumo unafunga biashara wenyewe. Mabroka wengine hufunga dhamana ikibaki nusu. Kwetu hapa hiyo ni baada ya pipu kama 86.

Na hapa ndipo naomba unisikize kwa makini. Onyo hilo halichagui saa. Linaweza kuja saa saba usiku, na simu iko mkononi, na mkopo wa simu uko kitufe kimoja tu mbali. Mtu mwenye akili timamu mchana hukopa usiku ili "aokoe" biashara. Asubuhi biashara imeisha, mkopo umebaki. Kama kuna sheria moja tu utakayoondoka nayo hapa, iwe hii: usikope kamwe ili kuongeza dhamana. Pesa ya mkopo, ya karo, ya chama, ya kodi ya nyumba, hiyo si pesa ya forex. Ile iliyochomeka si yako tena, iache iende.

Kikomo cha hasara, na siku ambayo hakikutosha

*Kikomo cha hasara*, kwenye programu stopu losi, ni agizo unaloliacha mapema: bei ikifika hapa, nitoe. Ukiweka kikomo cha pipu 20 kwenye loti 0.01, unahatarisha dola 2 kati ya dola 100 zako. Wafanyabiashara wengi wazoefu hukaa kwenye asilimia moja au mbili kwa kila biashara. Inachosha? Ndiyo. Lakini ukikosea mara kumi mfululizo bado una akaunti.

Hata hivyo, kikomo si ukuta wa mawe. Tarehe 15 Januari 2015, benki kuu ya Uswisi iliondoa ghafla kizuizi ilichokuwa imeweka cha faranga 1.20 kwa euro. Ndani ya dakika chache faranga ilipaa vibaya sana, na maagizo ya kutoka yaliyokuwa yamewekwa hayakupata mnunuzi kwa bei ile. Watu walitolewa kwa bei za mbali mno, wengine wakabaki na deni kwa broka, na broka mmoja mkubwa wa Uingereza akafilisika. Bei kukuruka hivyo huitwa *kuteleza*. Ndogondogo hutokea kila mara, hasa habari kubwa zinapotangazwa. Kwa hivyo muulize broka swali hili kwa maandishi: akaunti yangu inaweza kwenda chini ya sufuri?

Swopu kwa ufupi

Ukiacha biashara ikilala, kunatozwa au kulipwa tofauti ya riba ya sarafu mbili. Hiyo ni *swopu*. Jumatano kwa kawaida hutozwa ya siku tatu, ili kufidia wikendi. Mabroka wengi wana akaunti zisizo na swopu kwa Waislamu wanaoepuka riba. Ni jambo jema, ila soma masharti, kwa sababu wengine huweka ada ya aina nyingine mahali pake.

Nani yuko upande wa pili?

Kila ukinunua, kuna anayeuza. Swali ni nani. Sheria za Kenya zinatofautisha broka anayeshika upande wa pili wa biashara yako mwenyewe, na broka anayepitisha tu agizo lako kwa wengine. Kwa yule wa kwanza, ukipoteza, yeye anapata. Haimaanishi ni mwizi. Inamaanisha una haki ya kujua umekaa meza gani. Leseni yake itakuambia.

Leseni hizo hutolewa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, CMA, na orodha ya waliopewa iko kwenye tovuti yake, bure, dakika mbili tu. Na kuna kundi la tatu ambalo wengi hawalijui: meneja wa fedha, yaani mtu anayefanya biashara ya forex kwa niaba yako. Naye anahitaji leseni. Kwa hivyo yule jamaa wa Telegram anayesema "nitumie elfu kumi nikufanyie, tutagawana faida" anafanya kazi inayohitaji leseni. Mwombe nambari yake uone kama hataku-block.

Maneno ambayo si ya forex kabisa

Kuna msamiati mwingine unaouzwa pamoja na huu, na huo hauna tafsiri kwa sababu hauna ukweli ndani yake.

"Faida ya uhakika." Hakuna. Bei inayopanda na kushuka haiwezi kutoa uhakika. Anayekuhakikishia asilimia 20 kwa wiki anakulipa kwa pesa ya aliyejiunga baada yako.

"Ada ya kutoa faida." Umeonyeshwa kwenye skrini kwamba una laki mbili, lakini ili uzitoe, tuma kwanza elfu tano za kodi, kisha elfu nane za kufungua akaunti. Broka wa kweli hukata ada zake kwenye salio. Hakuombi utume pesa mpya ili upate pesa yako.

"Tuma kwa namba hii ya meneja wetu." Kampuni yenye leseni haipokei pesa za wateja kwa namba ya simu ya mtu binafsi. Kabla ya kuthibitisha malipo, simu yako hukuonyesha jina la anayepokea. Lisome. Kama si jina lililo kwenye tovuti rasmi ya broka, ghairi. Ukishatuma na mwenzako akatoa pesa, ombi la kurudishiwa muamala mara nyingi litakuta akaunti tupu.

Na sisi wa pesa za simu?

Itakuwa unafiki nikiishia kukulaumu wewe. Sisi tuliorahisisha kutuma pesa ndio tumerahisisha pia kuzipoteza haraka. Zamani kupeleka pesa kwa broka kulihitaji benki, fomu na siku kadhaa, na katika siku hizo mtu alipata nafasi ya kufikiri mara ya pili. Sasa ni sekunde. Kasi hiyo ni nzuri unapomtumia mama pesa ya dawa. Si nzuri sana saa saba usiku ukiokoa biashara.

Kwa hivyo naamini kila kampuni inayopitisha pesa hizi, yetu ikiwemo, ina deni la kueleza maneno haya kwa lugha ambayo mteja anaiota. Kuna wanaosema programu zenyewe ni za Kiingereza, kwa hivyo mteja ajifunze Kiingereza cha soko. Ni kweli ajue vitufe vinaitwaje. Lakini kujua jina la kitufe si kujua kinafanya nini. Watu wengi wanasoma Kiingereza vizuri kabisa na bado hawawezi kukuambia pipu moja ni shilingi ngapi kwenye akaunti yao.

Kabla ya kutuma, jibu haya matano

Andika majibu kwa mkono wako, kwa Kiswahili, au kwa Kikamba, Kijaluo, Kigiriama, lugha yoyote ya nyumbani.

1. Pipu moja kwenye loti niliyochagua ni shilingi ngapi?
2. Spredi inanigharimu shilingi ngapi kabla sijaanza?
3. Bei ikienda vibaya pipu 50, nitabaki na ngapi?
4. Broka huyu yuko kwenye orodha ya CMA, na leseni yake ni ya aina gani?
5. Pesa hii ikiisha yote kesho, ni nani nyumbani atakosa kitu?

Ukijibu yote bila kubabaika, anza na akaunti ya mazoezi, ile isiyo na pesa halisi, ukae nayo miezi kadhaa. Ukikwama kwenye moja, hujashindwa na forex. Umejiokolea pesa. Na swali la tano, hilo usilijibu peke yako. Muulize huyo wa nyumbani.